Mwalimu na Rangi ya Kahawia

Watu wa Matinyani walimjua Mwalimu kwa viatu vyake kabla ya kumjua kwa sura. Alivaa gauni la heshima lililoshuka chini ya magoti, sweta iliyofungwa vifungo vyote hata jua la Kitui likichoma namna gani, na huko chini raba nyeupe za michezo. Alizipaka chokaa mwenyewe kila Jumamosi na kuzianika juu ya ukuta wa ofisi. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kumwambia kwamba mwalimu mkuu wa shule ya wasichana hafai kuingia ibadani na viatu vya kukimbilia. Mwalimu akamjibu, "Dada, siku utakayoniona nimekaa mahali pamoja kutwa nzima, ndiyo siku nitakayonunua vya kisigino."

Hakuwahi kuvinunua.

Nilimkuta mwishoni mwa miaka ya sitini, nilipotoka kwetu Tulia na sanduku langu la bati kuingia kidato cha kwanza. Alikuwa mwalimu mkuu na pia mwalimu wetu wa biolojia, na kati ya kazi hizo mbili, hakuna aliyekuwa na shaka ni ipi aliyoipenda. Mkaguzi wa elimu angeweza kungojeshwa ofisini hadi chai yake ipoe, lakini kipindi cha biolojia hakikuahirishwa. Aliingia darasani akiwa tayari ameanza kusema, kana kwamba somo lilianzia njiani.

Alikuwa na swali moja ambalo wasichana wote waliopita mikononi mwake hulikumbuka mpaka leo. Ukisimama na kusema damu ya mtu ina chembe nyekundu, angekutazama juu ya miwani na kuuliza, "Umeona au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, hakukasirika. Alikuita tu mbele, akakuchoma kidole kwa sindano, akapaka tone la damu kwenye kioo na kukuweka mbele ya hadubini ya shule. Ilikuwa moja tu, ya shaba, na kioo chake cha chini kilikamata mwanga wa dirishani. Ulirudi kwenye dawati lako ukinyonya kidole, lakini ulikuwa umeona.

Siku ya somo la tumbo alituma mtu kwa mchinjaji akaletewa tumbo zima la mbuzi. Alilipasua juu ya meza ya mbele, akatupitisha mmoja mmoja tuguse ndani. Wengine walilia. "Mbuzi amepewa vyumba vinne," alisema, "wewe umepewa kimoja. Kwa hivyo kiheshimu." Jioni tumbo lile lile liliingia sufuriani na tukalila na muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharage, kwa sababu Mwalimu hakuamini kwamba kuna kitu cha sayansi kinachopaswa kutupwa.

Alikuwa mtu wa kanisa kabisa, wa kuokoka, asiyegusa pombe wala kukaa karibu na anayeigusa. Hata hivyo pasta alipokuja kulalamika kwamba wasichana wanaonyeshwa michoro ya uzazi, alimpa kiti, akammiminia chai na kumwambia, "Pasta, hivi vitu ameviumba Mungu. Mimi nimevichora tu." Pasta alikunywa chai yake na kwenda, na michoro ilibaki ukutani.

Sisemi alikuwa mtu rahisi. Alitukataza Kikamba ndani ya ua wa shule, Kiingereza tu na siku za Jumatano Kiswahili, lakini akipandwa na hasira Kikamba ndicho kilichotoka kwanza, na tulipopita karibu na nyumba yake alfajiri tulimsikia akiomba kwa Kikamba pia, kwa sauti ya chini tusiyoijua darasani. Alidai walimu wampe macho wakati wa mikutano, na huku yeye mwenyewe akisuka kiondo mapajani kuanzia wimbo wa kufungua hadi sala ya kufunga. Nilipohitimu udaktari alinitumia kimoja cha viondo hivyo. Ndani hakukuwa na barua wala salamu, ila pakiti ya viwembe vipya, vya kukatia vipande vyembamba vya kutazama. Sisi kwenye hospitali tulikuwa na mashine ya kazi hiyo. Viwembe vile sikuwahi kuvitumia na sikuwahi kumwambia.

Lakini jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote juu yake nililijua baadaye. Huyu mwanamke aliyetaka kila mtu aone kwa macho yake, yeye mwenyewe hakutaka kuonwa. Tangu nilipokuwa mwanafunzi alikuwa na vidonge vyeupe vya tumbo katika mfuko wa sweta. Alivitafuna katikati ya sentensi, akafuta midomo na kuendelea. Alistaafu, akarudi nyumbani kwake Tawa, upande ambao siku zile ulihesabiwa Machakos kabla ya Makueni kuwa wilaya yake yenyewe, na vidonge vikaongezeka. Yakaja magadi, ya kukoroga kwenye maji na kunywa. Chakula kikawa kinakwama. Nguo zikawa kubwa. Aliyemuuliza aliambiwa ni vidonda vya tumbo, vya miaka mingi, na kwamba wasichana wa Matinyani ndio waliomletea kwa ukaidi wao.

Binti wa dada yake, mwanamke mmoja mpole aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyemshinda. Alikataa kupika. Alimwita mama kwa Kikamba, akamwambia, "Mwaitu, sipiki tena chakula cha kumwagwa. Tukitoka hospitali nitapika." Wakaja Nairobi.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa daktari katika maabara ya hospitali kubwa, kazi yangu kusoma vipande vya nyama vinavyokatwa kutoka kwa wagonjwa. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni ng'ambo na chupa chache za dawa mpya za kutia rangi, nikizitunza kwenye friji kama maziwa ya mtoto. Pamoja na daktari mmoja wa upasuaji tulikuwa tunakusanya uvimbe wa saratani ya tumbo, mwingi wake kutoka kwetu Ukambani na milimani, tukitafuta protini fulani ndani ya seli. Tulitaka kujua kama protini hiyo inaweza kutuambia mapema ni mgonjwa yupi ambaye ugonjwa utamrudia.

Nilimkuta Mwalimu kwenye benchi la ukumbini. Amekonda mpaka miwani inateleza.

"Mwende," alisema, kana kwamba tuliachana jana, "hawa vijana wako wanataka kunimezesha mpira wenye taa."

"Mwalimu, ni wa kuangalia ndani."

"Najua ni wa nini." Akaisukuma miwani juu. "Ungekuwa wewe unausukuma ningekubali haraka."

Mpira ulionyesha uvimbe. Daktari wa upasuaji alimtoa sehemu kubwa ya tumbo na tezi zilizokuwa karibu. Kipande kilipofika maabara, mkubwa wangu aliniambia nimwachie mwingine asome, kwa kuwa mgonjwa alikuwa mwalimu wangu, na alisema kweli. Mwenzangu alikisoma kwanza, akaandika majibu yake. Kisha nikakaa mimi. Tulikubaliana neno kwa neno. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imefika kwenye baadhi ya tezi. Nilipoweka ile dawa mpya, viini vya seli viligeuka kahawia karibu kioo kizima.

Nilivua koti langu jeupe kabla ya kwenda wodini, sijui kwa nini. Alikuwa ameketi kitandani, mpira wa pua umetolewa, shuka limenyooshwa kwa mkono wake mwenyewe.

"Wamekuambia?" niliuliza.

"Wameniambia ni saratani na wameitoa. Daktari wa kisu alisema kuna mtihani mwingine umefanywa na Mwende, nikuulize wewe." Akanitazama juu ya miwani. "Umeona au umeambiwa?"

"Nimeona, Mwalimu."

"Basi na mimi nataka kuona."

Kulikuwa na ubishi. Sista wa wodi alisema mgonjwa hatoki. Mwalimu alimuuliza alisoma shule gani, na ikawa dada yake mkubwa alisoma Matinyani, na kiti cha magurudumu kikapatikana. Nilimsukuma mimi mwenyewe hadi maabara. Nilimwekea kioo, nikamshushia kiti, akaegemea hadubini kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika bandeji tumboni.

Alikaa pale muda mrefu. Wafanyakazi wa maabara waliacha walichokuwa wakifanya.

"Hizi za kahawia ndizo?"

"Ndizo."

"Zimekaa ovyo. Kama darasa lisilo na mwalimu." Akasogeza kioo kidogo kwa kidole, vile alivyotufundisha. "Hiyo rangi imeshika nini?"

Nikamweleza. Kila seli ina protini ya kulinda, tunaiita p53. Seli ikiharibika, protini hiyo huizuia isizae nyingine mbovu. Lakini mlinzi huyo mwenyewe anaweza kuharibika. Hapo hafanyi kazi na haondoki pia. Anajazana ndani ya kiini cha seli, na dawa yetu inamshika na kumtia rangi. Seli isiyo na mlinzi inagawanyika inavyotaka.

"Na mtu mwenye kahawia nyingi hivi?"

Nilianza kufuta kioo kingine ambacho hakikuwa kichafu. Alingoja. Alikuwa na subira ya ajabu mwanafunzi akitafuta jibu.

"Mara nyingi ugonjwa unarudi mapema, Mwalimu. Na tezi zako pia zilikuwa na ugonjwa."

"Mapema ni lini?"

"Sijui. Rangi haitoi tarehe. Inasema juu ya watu wengi, haisemi juu ya mmoja."

Hakulia. Aliondoa jicho kwenye hadubini, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya shuka la hospitali, akaivaa tena. Binti wa dada yake, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyeanza kulia, na Mwalimu akamwambia kwa Kikamba aende akanywe chai.

Kisha akanigeukia. "Kuna watu walikuwa na hii kahawia na bado wako hai?"

"Nafikiri wapo."

"Unafikiri?"

Nikamwambia ukweli. Wagonjwa wetu wengi walikuja, wakakatwa, wakaenda nyumbani na hawakurudi. Mafaili yao yaliishia hapo. Hatukujua nani amekufa na nani yuko shambani. Tulikuwa tumeanza kuwahesabu wote kama waliopotea.

"Wamepotea wapi?" aliuliza.

"Wengi ni wa huko kwetu. Kitui, Tawa, Mbooni, kila mahali."

"Hao hawajapotea," alisema Mwalimu. "Wako kwao. Ni wewe hujaenda."

Kuna aina ya fahari ambayo siwezi kuieleza bila kuonekana najisifu, lakini nitajaribu. Mwanamke huyu alikuwa ameambiwa habari mbaya kuliko zote na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika kioo, na dakika hiyo hiyo akaona shimo katika kazi yetu ambalo sisi wote wenye makoti meupe tulikuwa tunalizunguka. Na hakuishia kuliona.

Alipopata nguvu, alianza. Wasichana wake walikuwa wametapakaa Ukambani yote: wauguzi wa zahanati, walimu, wake wa machifu, mwingine anauza vitambaa sokoni Tulia, mwingine ni mke wa pasta kule Mbooni. Alinikataza kumtajia ugonjwa wa mtu yeyote, na yeye hakuutaja kwa yeyote. Aliwaambia tu kwamba hospitali inamtafuta mtu fulani wa kijiji fulani kwa wema, na akipatikana aulizwe kama anakubali kutembelewa. Ujumbe ulitoka Tawa kwa mdomo, ukapita kanisani na sokoni na kwenye chumba cha walimu. Sisi tulikuwa tumetuma kadi za posta miaka miwili bila kujibiwa. Mwalimu alianza kupata majibu kabla ya bandeji yake kutolewa kabisa.

Mimi na yeye tukaanza kuwatembelea wagonjwa hao. Wengine walikuwa wamekufa, na tulikaa na wajane wao na kunywa maji tuliyopewa. Hilo lilimchosha kuliko safari. Lakini siku moja tulifika kwetu Tulia, kwa mzee mfanyabiashara wa mbuzi ambaye kipande chake nilikikumbuka vizuri kwa sababu kilikuwa cha kahawia kuliko hata cha Mwalimu. Tulimkuta zizini, ameshika dume kwa pembe, akibishana na mnunuzi.

Mnunuzi alipokwenda, mzee alitukaribisha chini ya paa la ghala. Nikajitambulisha, nikamuuliza kwa upole kwa nini hakurudi kliniki.

"Waliniambia nirudi waone kama ugonjwa umerudi," alisema. "Mimi sikutaka kuuona. Kwa hivyo nikanunua mbuzi."

"Na unakula?" Mwalimu aliuliza.

"Kidogo kidogo. Mara nyingi."

"Hata mimi." Akamsogelea. "Kovu lako limeanzia wapi, mzee?"

Mzee alinitazama, kisha akainua shati bila haya. Mwalimu akaliangalia kovu lile kama anasahihisha kazi ya mtu. "Langu ni refu zaidi," alisema, "lakini lako limeshonwa vizuri." Wakacheka wote wawili, wakishika matumbo, kwa sababu kucheka kulikuwa bado kunauma. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo miaka yote ya shule.

Tulipokuwa tunaondoka alimwambia, "Mzee, twende kliniki mwezi ujao. Mimi naenda. Hatutaona kitu ambacho hakipo." Akaja. Alikuja kila mara, akivaa kofia yake ya Jumapili.

Kwa wale tuliowapata, ilionekana kwamba rangi ya kahawia ilikuwa na maana, ndiyo, lakini si amri. Kilichozidi kuwatenganisha waliokuwa hai na waliokufa kilikuwa kitu ambacho hakikuhitaji chupa zangu za ng'ambo: wale walio hai, wengi wao walikuja mapema, kabla ugonjwa haujapita ukuta wa tumbo. Nilipomwambia Mwalimu, hakufurahi. Alitoa kidonge mfukoni, akakitazama na kukirudisha.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa najitibu na magadi," alisema, "na nyumba inaungua."

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani Tawa wakati wa ushuhuda. Nilikuwepo. Kawaida watu husimama na kusema jinsi walivyoponywa. Yeye alisema hajapona. Alisema ana saratani ya tumbo, akaitaja kwa jina lake mbele ya watu ambao hunong'ona hata neno "tibii". Alisema hakurogwa, na asithubutu mtu kumtafutia mchawi. Alisema alijificha nyuma ya vidonge miaka mingi, yeye mwalimu wa biolojia, na kwamba mtu yeyote pale ambaye chakula kinamkwama, anayekonda bila sababu, anayetapika kitu cheusi, aende hospitali kesho, na kama anaogopa aje aende naye. Wazee wa kanisa walitazama sakafu. Pasta, kijana mgeni, hakujua aseme amina au asiseme. Mwalimu akamwondolea mzigo huo. "Amina," alisema mwenyewe, akakaa.

Ugonjwa ulimrudia, kama rangi ilivyosema, ila ulichelewa kuliko nilivyoogopa. Alizikwa Tawa, na wasichana wake walijaza kilima chote, wengine wana mvi tayari. Mzee wa mbuzi alileta dume. Hayo yalikuwa baada ya mvua, na mengi yaliyosemwa siku hiyo sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa nafikiria ziara yangu ya mwisho kwake, kipindi cha mavuno ya mbaazi.

Nilikwenda kumtembelea nikijua hali imebadilika. Macho yake yalikuwa ya njano. Alikunywa uji nusu kikombe, akanieleza kwa urefu juu ya wagonjwa wawili wa upande wa Mutomo ambao bado hawajapatikana na nani aulizwe. Nikataka kumpima tumbo, akakataa. "Leo umekuja kunitembelea," alisema. "Tembelea."

Nilipoaga alisisitiza kunisindikiza hadi barabarani. Binti wa dada yake alinikonyeza nikatae, lakini nani angemkataza. Tulishuka polepole, tukipumzika kila palipokuwa na jiwe la kukalia. Barabarani hakungoja gari lichague kusimama. Aliingia katikati ya njia na kuinua mkono, na pikapu iliyojaa magunia ya mbaazi ikasimama mbele yake kwa vumbi.

"Shikamoo, Mwalimu!" dereva alisema akichungulia. "Unaenda wapi?"

"Mimi siendi mahali. Huyu ni daktari, mfikishe Machakos. Na taa yako ya nyuma haiwaki."

"Nitaitengeneza, Mwalimu."

"Itengeneze leo."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakulizoea, kisha akageuka na kuanza kupanda. Sikumwona akitazama nyuma.

Nilipanda, gari likaondoka. Kisha dereva akaniuliza kama mimi ndiye daktari wa Nairobi, yule wa rangi. Nikamwambia ndiyo.

"Mama yangu alikuwa anakataa hospitali," alisema. "Anasema ni gesi, ni gesi. Mwalimu alisikia. Alikuja kwetu kila siku, na yeye mwenyewe mgonjwa hivyo. Anakaa tu hapo kwenye kiti, anasuka, hasemi kitu. Mpaka mama akachoka kumwona, akachukua leso yake akasema twende."

"Walimkuta na nini?"

"Hiyo hiyo. Lakini ndogo sana. Daktari alisema ingengoja kidogo tu..." Alipunguza mwendo tulipofika kwenye kona, akanionyesha shamba lililoshuka hadi mtoni. "Mama si yule pale!"

Akapiga honi mara mbili. Katikati ya mbaazi zilizokauka, mwanamke mnene kidogo mwenye leso kichwani aliinuka na fungu mkononi, akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua, na alipolitambua gari akatuinulia fungu lile juu, akalitikisa.